Kikulacho Ki Ubongoni: Usahaulifu wa Wazee si Uchawi

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Aghalabu methali hii hutumiwa kumtahadharisha mtu dhidi ya jamaa na majirani. Katika maradhi ya Alzheimer, ambayo humpokonya mzee kumbukumbu na hatimaye hata lugha yenyewe, kilacho ki karibu kuliko nguo: ki ndani ya fuvu la kichwa. Hata hivyo, mzee aanzapo kusahau majina ya wajukuu na kutangatanga usiku, wapo wanaonong'ona kuwa amerogwa, au kwamba yeye mwenyewe ndiye mchawi. Mnong'ono huo si mzaha. Mnamo Oktoba 2021 akina mama wanne wazee waliuawa huko Marani, Kisii, kwa kushukiwa uchawi.

Sayansi ilianza kuueleza ugonjwa huu zamani. Mwaka wa 1906, mjini Tübingen, daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliwasimulia wenzake habari za mgonjwa aliyefariki akiwa na umri wa miaka 55. Alipouchunguza ubongo wake kwa hadubini, alikuta madonge nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake.

Madonge hayo hutoka wapi? Mwanafunzi yeyote wa biolojia anajua kuwa vimeng'enya vya tumboni hukatakata protini ya nyama na maharagwe. Jina lenyewe latokana na kitenzi 'meng'enya'. Ubongo nao una vimeng'enya vyake. Katika utando wa seli za neva mna protini ndefu iitwayo APP. Kimeng'enya alfa-sekretesi kikiikata, hakitokei kipande cha kudhuru. Lakini beta-sekretesi ikitangulia kukata, kisha gama-sekretesi ikamalizia, hudondoka kipande kiitwacho amiloidi-beta, chenye asidi amino 40 au 42. Kile cha 42 ndicho hasa kinatacho na wenzake hadi yakafanyika madonge.

Kwa hiyo, pa kukatia ndipo penye mambo. Wazee wetu walilikata neno la Kiarabu 'kitabu' kana kwamba 'ki' ni kiambishi, wakapata 'vitabu', na lugha haikudhurika. Ubongo hauna bahati hiyo.

Ikumbukwe kuwa kila ubongo, hata wa kijana, huzalisha amiloidi-beta. Salama yetu imo katika vimeng'enya vingine vinavyofanya kazi ya ufagio, vikiwemo neprilisini na kile kivunjacho insulini. Mwaka wa 2001 watafiti wa Japani walionyesha kuwa panya wasio na neprilisini hulimbikiza amiloidi-beta ubongoni. Ama kimeng'enya cha pili, kazi zake ni mbili: huvunja insulini na huvunja amiloidi-beta pia. Baadhi ya wataalamu wanashuku kuwa insulini inapozidi hukishughulisha mno, na kwamba hii yaweza kuwa mojawapo ya sababu za wenye kisukari kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na ugonjwa huu.

Pengine msomaji atauliza: mbona vimeng'enya vikatavyo visizuiwe kwa dawa? Limejaribiwa hilo. Majaribio ya semagacestat, dawa ya kuzuia gama-sekretesi, yalisimamishwa mwaka wa 2010 baada ya wagonjwa kuzidi kudhoofika. Yale ya verubecestat, dhidi ya beta-sekretesi, yalikomeshwa mwaka wa 2018. Vimeng'enya hivi hukata protini nyingine nyingi ambazo mwili unazihitaji. Ukimfunga mkono mkataji, umeisimamisha kazi yake yote, mbaya na njema. Hadi leo hakuna dawa iponyayo maradhi haya, ingawa zipo zinazopunguza kasi yake.

Je, maarifa haya yana faida gani kijijini? Yana faida kubwa. Mzee asahauye anastahili kupelekwa hospitalini, kwa maana upungufu wa vitamini B12, kasoro za tezi ya shingo na hata huzuni nzito huweza kuleta usahaulifu unaofanana na huu, nao hutibika. Mwenye Alzheimer naye anastahili subira na ulinzi.

Basi, mwalimu afundishapo vimeng'enya asikomee tumboni. Apande nao hadi ubongoni, tena kwa Kiswahili, lugha ambayo mwanafunzi ataweza kuitumia jioni akimweleza baba yake kinachomsibu nyanya. Maneno tunayo. Pasiposemwa 'kimeng'enya', patasemwa 'mchawi'.