JE, WAJUA? Walichora kwa masikio

Shule ya sanaa ya Chuo cha Makerere, Uganda, ilianzia barazani kwa mwalimu. Mwaka 1937, Margaret Trowell alianza kufundisha kuchora nyumbani kwake, Kampala. Hakuwawekea wanafunzi chungu mezani ili wakinakili. Aliwasimulia kisa. Wao wakakiona kichwani, kisha wakakishusha karatasini.

● Miaka 2 tu baadaye, mwaka 1939, kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London.

● Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro, alisoma Makerere, kisha shule ya sanaa ya Slade, London. Ulaya haikumtoa migombani: aliendelea kuchora maisha ya Wachaga. Picha yake ya mwaka 1956 inaonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Leo ni mali ya Museum of Modern Art, New York. Mwaka 1961 Ntiro akawa balozi wa Tanganyika nchini Uingereza.

● Elimo Njau wa Marangu, pia Kilimanjaro, naye alisoma Makerere, kisha akatoka karatasini hadi ukutani. Kufikia mwaka 1959 alikuwa amechora picha 5 kubwa katika kanisa la Murang'a, Kenya. Humo, Yesu anazaliwa katika nchi ya Wakikuyu.

● Leo mwanafunzi wa Buhinyuza au Gitega, Burundi, anaweza kujifunza kama wanafunzi wa Trowell, kwa kuchora kutoka kichwani. Tazama soko kwa makini, daftari likiwa limefungwa. Chora ukifika nyumbani. Kesho rudi sokoni, linganisha, chora tena. Hivyo ndivyo jicho linavyonolewa.