Herufi moja imenirudishisha hela ya mteja

Juzi dada mmoja kalipia madera matatu ya kicheni pati. Nilimwambia yapo, maana Google Sheets yangu ilionyesha yamebaki matatu. Naingia stoo, hamna hata moja! Niliingiza 14, tukauza 14. Ila matatu ya mwisho mdogo wangu kayaandika "Deera".

Fomula yangu ni =SUMIF(B:B,"Dera",C:C). Herufi kubwa au ndogo haijali, lakini "Deera" au "Madera" inayaruka, na haikuonyeshi kosa lolote. Hapo ndo ubaya ulipo. Unaona namba imekaa vizuri, unaiamini. Nikarudisha hela, na aibu juu.

Siku hizi jina la bidhaa hatuliandiki, tunalichagua. Kwenye kompyuta, chagua safu ya bidhaa, acha kichwa chake. Bonyeza Data, Data validation, Add rule, kisha Dropdown, jaza majina ya bidhaa zako zote. Usifunge kwanza! Fungua Advanced options uweke "Reject the input". Ikiwa kwenye "Show a warning" itakuonya tu na jina bovu litapita.

Makosa ya zamani hayajirekebishi yenyewe. Yatatokea na kialama chekundu kwenye kona ya seli, pitia moja moja. Mimi nilikuta saba.

Halafu mwambie anayekusaidia asikopi seli ya kwingine na kuipesti hapo, sheria inaweza kufutika. Wangu nimeshamwambia mara mbili.