Mwanafunzi Akija Kitandani kwa Mgonjwa

Vikundi vingine vinatuuliza: "Mbona mtoto wetu alipimwa na mwanafunzi, si daktari?" Swali ni zuri, na tulijibu hivi.

Hapa Kenya wagonjwa wengi huonwa na afisa wa kliniki. Anayesomea diploma ya kazi hii, kwa mfano katika chuo cha KMTC kilichoanza 1927, husoma miaka 3. Halafu hufanya kazi mwaka 1 hospitalini akisimamiwa. Hata akiwa chuoni hupelekwa wodini kwa zamu: kwa watoto, kwa akina mama wanaojifungua, kwa upasuaji.

Kwa nini? Kwa sababu kitabu hakifundishi mkono. Mtoto wa miezi 6 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika moja, huenda ana nimonia. Kusoma hivyo ni rahisi. Kuhesabu pumzi hizo dakika nzima, mtoto akihangaika na mama ana wasiwasi, ni kazi ya mazoezi. Kwanza mwanafunzi hutazama, kisha hufanya akiangaliwa na mkubwa wake.

Nanyi mna haki. Ulizeni bila woga: "Wewe ni mwanafunzi? Nani anakusimamia?" Mgonjwa anaweza kumkataa mwanafunzi na bado anastahili kutibiwa. Lakini sote tukikataa, kesho nani atajua kututibu kule dispensari? Basi zungumzeni jambo hili katika mkutano wenu.