Njia Mbili, Moja Inyamaze: Utangulizi wa Kuzuia Mizunguko katika Mitandao ya Swichi

Bila shaka umewahi kuona, ukutani mwa ofisi au maabara ya kompyuta, kisanduku chenye safu ya matundu na vijitaa vinavyomemeteka. Hicho ni swichi, kifaa kinachopokea data kutoka kompyuta moja na kuifikisha kwa nyingine. Tundu la kuchomekea kebo tutaliita poti, na kifurushi kimoja cha data tutakiita fremu. Maneno hayo matatu yanatosha kuanzia.

Swichi hujifunza yenyewe. Fremu ikiingia, husoma anwani ya kifaa kilichoituma na kuandika katika jedwali lake kwamba kifaa hicho kiko upande wa poti fulani. Ikipata fremu inayokwenda kwenye anwani isiyoijua, huinakili na kuitoa kwenye poti zote, isipokuwa ile iliyoingilia. Hufanya vivyo hivyo kwa fremu ya tangazo, yaani iliyokusudiwa vifaa vyote. Usiipite haraka tabia hii, kwani shida yote ya somo letu inazaliwa hapo.

Tuseme swichi mbili zimeunganishwa kwa kebo moja. Panya akiitafuna, mawasiliano yamekatika. Fundi makini ataongeza kebo ya pili, njia ya akiba. Hapo sasa tangazo kutoka swichi ya kwanza hupita kebo zote mbili. Swichi ya pili hurudisha kila nakala kupitia kebo nyingine. Ya kwanza nayo huzirudisha tena. Huo ndio mzunguko, na hauna kikomo. Pakiti za IP, yaani vifurushi vya data ya intaneti, hubeba hesabu inayopungua kila zinapopita ruta, kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine; ikifika sifuri zinatupwa. Fremu ya Etheneti, yaani mtandao wa kebo na swichi kama huu wetu, haina hesabu hiyo. Kebo hujaa nakala kwa muda mfupi, hali iitwayo dhoruba ya matangazo. Novemba 2002, hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston ililazimika kurudia karatasi kwa siku kadhaa baada ya tatizo la aina hii.

Labda unauliza: si tuichomoe ile kebo ya pili, tuichomeke siku ya shida? Inawezekana, kama hujali kuamshwa saa nane za usiku. Mwaka 1985 Radia Perlman, mhandisi wa Digital Equipment Corporation nchini Marekani, alibuni njia bora zaidi, akaitungia na shairi: kebo zibaki zimechomekwa, swichi zenyewe zikubaliane poti ipi inyamaze. Itifaki hiyo, yaani kanuni za mawasiliano, huitwa Spanning Tree Protocol, kwa kifupi STP. Hutengeneza umbo la mti, ambamo kati ya ncha mbili zozote kuna njia moja tu.

Kwanza swichi huchagua moja kati yao iwe mzizi wa mti huo kwa kutumiana ujumbe mfupi, kwa kawaida kila sekunde 2. Kisha kila swichi hutafuta njia ya gharama ndogo kuufikia: kiungo cha gigabiti 1 kwa sekunde huhesabiwa 4, cha megabiti 100 huhesabiwa 19. Katika viungo vya swichi na swichi vilivyobaki, poti za upande mmoja hufungwa. Husikiliza ujumbe wa STP bila kupitisha data. Njia kuu ikikatika, moja huamka. Zamani kuamka huko kulichukua sekunde 30 hadi 50. Toleo la STP la 2001 limepunguza sana kusubiri huko.

Mzizi ndio huwaponyoka wengi. Mshindi ni swichi yenye kipaumbele cha namba ndogo kuliko zote, na kwa kawaida zote hutoka kiwandani na 32768. Zikilingana, anwani ndogo zaidi ya kifaa hushinda, na mara nyingi hiyo ni ya swichi kuukuu iliyosahauliwa kabatini. Sehemu kubwa ya data ya jengo italazimika kupitia huko! Ipe swichi yako ya kati 4096 kwa mkono wako, na ile itakayoirithi 8192.

Na kebo iliyolala, si hasara? Ni hasara kweli. Ndiyo maana kebo mbili zinazounganisha swichi zile zile huweza kufungwa pamoja, STP izihesabu kuwa kiungo kimoja, na zote zikabeba data.