Tuijue Mimea (4): Mishipa ya Jani

Juma lililopita tuliyafuata maji kutoka mizizini hadi kwenye kikonyo cha jani. Leo tunaingia ndani ya jani lenyewe. Katika kila mshipa unaouona zimo njia mbili zilizoshikana. Upande wa juu ipo zailemu, inayoleta maji na madini kutoka ardhini. Chini yake ipo floemu, inayochukua sukari iliyotengenezwa na jani na kuipeleka kwenye mizizi, matunda na machipukizi. Vidukari wanaojibanza chini ya jani la kunde wanaifyonza floemu hiyo.

Shuleni tulifundishwa kuyagawa majani mafungu mawili. Mahindi, miwa na mpunga, ambayo ni monokotiledoni, ina mishipa sambamba. Mwembe, mpera na kunde, ambayo ni dikotiledoni, ina mishipa ya wavu. Kanuni hii inafaa, ila isichukuliwe kuwa haina mwanya. Kiazi kikuu ni monokotiledoni, na jani lake lina wavu dhahiri. Hata jani la mhindi, ukiliinua kwenye mwanga, utaona vimishipa vyembamba vikikatiza kutoka mshipa mmoja hadi mwingine, mithili ya vipago vya ngazi.

Vimishipa hivyo vya kukatiza vinastahili kufikiriwa sana. Kama kazi ingekuwa kufikisha maji tu kwa gharama ndogo, ingetosha mshipa mkuu utoe matawi, matawi yatoe vitawi, basi. Hivyo ndivyo lilivyo jani la mginko, mti wa kale wa China: mishipa yake hugawanyika miwili miwili, na ni nadra sana kukutana tena. Kwa nini basi mwembe na mlimau igharamie njia nyingi za kuzungukia?

Mwaka 2010 Eleni Katifori na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walichapisha jibu moja zuri. Walitoboa mshipa mkuu wa jani la mlimau, kisha wakapitisha rangi inayong'aa kwenye kikonyo. Rangi ilipofika penye tundu iliingia vimishipa vya pembeni, ikalizunguka jeraha na kuendelea mbele. Katika jani la mginko, eneo lililo nyuma ya tundu lilibaki bila rangi. Hesabu zao zilionyesha pia kuwa wavu hufaa pale mahitaji ya maji yanapobadilikabadilika kutoka sehemu moja ya jani hadi nyingine. Jani huishi kati ya viwavi, panzi na mvua ya mawe, kwa hiyo njia hizo za ziada si anasa hata kidogo.

Mgomba una mbinu nyingine. Mishipa yake hutoka kwenye uti wa kati na kwenda sambamba hadi ukingoni, na upepo ukivuma jani hupasuka katikati ya mishipa hiyo. Kila utepe unaobaki una mishipa yake inayotoka moja kwa moja kwenye uti, hivyo huendelea kuishi, na jani lililochanika halisukumwi sana na upepo.

Mishipa humsaidia pia mkulima kutambua maradhi. Nafasi kati ya mishipa zikigeuka njano huku mishipa ikibaki kijani, tazama ni majani gani. Yakiwa ya zamani, huenda magnesi imepungua, kwa kuwa mmea huihamisha kwenda kwenye majani machanga. Yakiwa machanga, shuku chuma, ambacho hakihamishiki kwa urahisi.

Kwa muhogo jambo hili ni zito zaidi. Ugonjwa wa batobato huonekana upesi, maana jani hujikunja na kuwa na mabaka. Lakini ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa mwaka 1936 na mtafiti H. H. Storey aliyekuwa akifanya kazi kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, huacha jani na umbo lake. Unjano hufuata mishipa midogo, hasa kwenye majani ya chini, huku mizizi ikioza ndani kwa ndani. Virusi vyake huenezwa na inzi weupe, na pia husafiri ndani ya pingili za kupandia. Anayechagua mbegu ya muhogo na ayakague majani ya chini kabla hayajapukutika, maana yakishaanguka dalili hiyo haionekani tena.