Kuagana, Kuachana na Kutenganishwa: Neno Moja la Kiingereza na Habari za Handeni na Korogwe

Liko neno la Kiingereza, "parting", ambalo mfasiri akilikuta hupenda kulipita upesi kwa kuandika "kuagana". Lakini neno hilo limebeba mambo ambayo Kiswahili hakikubali kuyatia katika kapu moja: kupeana kwaheri, kuvunjika kwa ndoa, mahali barabara zinapogawanyika, na hata ule mstari unaoachwa na kitana kichwani, ambao sisi twauita njia. Hili la nywele halina taabu. Taabu iko katika hayo mengine, na mifano yake yapatikana kwa wingi katika nchi ya Handeni na Korogwe, Mkoani Tanga.

Tuanze na barabara. Msafiri atokaye Chalinze kwenda kaskazini hufika Segera, wilaya ya Handeni. Hapo njia yagawanyika: moja yaelekea mashariki, Muheza na Tanga; nyingine yapita Korogwe na Mombo, ikaendelea hadi Moshi na Arusha. Reli nayo ina mahali pake pa namna hiyo. Ni Mnyusi, karibu na Korogwe, ambapo njia itokayo Ruvu, iliyofunguliwa mwaka 1963, hukutana na reli ya zamani ya Tanga. Mwingereza aweza kutumia neno lile lile lake kwa Segera na kwa machozi ya wasafiri wanaoshuka hapo. Kwetu Segera ni njia panda, na panda ni kitu chenye matawi mawili, kama panda ya mti. Haina huzuni yo yote ndani yake. Wasafiri wawili "huachana" njia panda, na hapo kuachana hakuna ubaya. Neno hilo hilo likisemwa juu ya mume na mke, laleta habari ya talaka.

Sasa kitenzi "aga". Watu hukidhani ni chepesi kwa sababu ni kifupi. Kuaga si kuondoka. Mtu aweza kuondoka bila kuaga, na hilo ni kosa la adabu. Tena aweza kuaga asiondoke, maana mwenyeji amekataa kumwachia. Mgeni husema, "Naomba kuaga," naye hungoja jibu. Akiisha kujibiwa, husindikizwa hatua kadha hata barabarani. Kwa hiyo kuaga ni kuomba ruhusa, na ruhusa haiombwi hewani, huombwa kwa mtu. (Ndiyo sababu wengi huandika "alimuaga mama yake", wasije wakadhaniwa kuwa wamemmwaga kama maji.) Anayekufa nasi twasema "ameaga dunia", kana kwamba hata dunia ni mwenyeji anayestahili kuambiwa. Na pale ambapo safari ni ndefu, au maisha yanakaribia kwisha, watu hutakana buriani, maana yake husameheana yaliyopita, ili asiondoke mtu na deni la moyo.

Jambo ambalo mfasiri hulisahau ni kwamba "kuagana" lina maana ya pili, nayo ni kupeana ahadi. "Tuliagana tukutane sokoni" ni maneno ya mapatano wala si ya kwaheri. Kutoka hapo twapata "agano" na "maagano". Sitaki kubishana hapa kama maana hizi mbili ni za shina moja au ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati. Wataalamu wa etimolojia na walipime. Ila katika matumizi zinakaa karibu sana, kwa kuwa mtu anayeaga vizuri huacha nyuma yake neno la kukutana tena.

Hapa ndipo habari za Wazigua zinapoingia. Katika miaka ya 1830 Uzigua ulipatwa na njaa kubwa. Wengi walifika pwani, wakapakiwa vyomboni, wakauzwa utumwani katika pwani ya Wasomali. Masimulizi ya wazao wao husema kwamba baadhi yao walipanda vyombo kwa mapatano: wangefanya kazi, wapate chakula, kisha warudishwe kwao. Baadaye walitoroka wakiongozwa na mwanamke aitwaye Wanankhucha, nia yao ikiwa ni kurudi Uzigua kwa miguu. Wakakomea katika bonde la mto Juba, wakakaa huko vizazi kadha, na lugha yao ya Kizigua hawakuiacha. Wasomali huwaita Mushunguli.

Je, tuandike nini juu ya kuondoka kwao? "Waliagana na ndugu zao" ni uongo, ijapokuwa ulikuwapo mfano wa agano, na agano lenyewe likavunjwa. "Walitengana" ni kosa la namna nyingine, lililojificha zaidi. Kiambishi "-an-" huwapa watu wa pande mbili sehemu sawa katika tendo: wapiganao wote hupiga, na watenganao wote hutenga. Basi aandikaye "walitengana" amemtwika aliyeuzwa nusu ya mzigo wa muuzaji. "Walipotezana" ni zuri kwa miaka iliyofuata, kwa kuwa kila upande ulimpoteza mwenzake. Lakini likitumiwa kwa siku ile ya pwani, huwafuta wenye vyombo. Lililo haki ni "walitenganishwa": hapo "-ish-" yaonyesha kwamba yuko aliyetenda, na "-w-" yaonyesha nani aliyetendwa.

Vita vya Somalia vya mwaka 1991 viliwafukuza tena. Wengi walikimbilia Kenya, na baadaye maelfu walipelekwa Marekani. Wengine walifika Handeni, wakakaa kwanza kambi ya Mkuyu, kisha tangu mwaka 2003 katika makazi ya Chogo, na serikali ya Tanzania ikawapa wengi wao uraia. Mfasiri wa habari hizi hukutana na shida mpya: je, "walirudi" au "walihamia"? Mtu aliyezaliwa Juba hakuwa ametoka Handeni hata arudi. Lakini lugha aliyokuja nayo ilitoka huko, na kitenzi "kurudi" hakidai kwamba aliyetoka na aliyefika wawe mtu mmoja. Twasema shamba limerudi kwa wenyewe, hata kama wenyewe wa kwanza wamekwisha kufa. Mimi ningeandika "walirudi", na neno "kuagana" ningeliacha nje ya habari hiyo yote.