Bulimia haianzii kwenye sahani

Aprili 2008, John Prescott aliwaduwaza Waingereza. Alikuwa mhudumu wa melini aliyepanda hadi kuwa naibu waziri mkuu wa Tony Blair kwa miaka 10, mtu wa miraba minne ambaye mwaka 2001 alimtandika ngumi hadharani mwandamanaji aliyemrushia yai. Sasa alikuwa anasimulia kwamba kwa miaka mingi alifakamia chakula mpaka tumbo likakataa, kisha akajitapisha kwa siri. Biskuti, chipsi, kopo zima la maziwa mazito. Alikuwa na bulimia.

Katika maelezo yake, chanzo hakikuwa kutaka umbo zuri. Kilikuwa kazi: saa nyingi, shinikizo lisilokatika, na chakula kama faraja iliyokuwa karibu. Wapo waliomcheka, kwamba mtu mnene vile ataumwaje ugonjwa huo. Kicheko hicho kinaniuma, kwa sababu ndicho kinachowafanya wagonjwa wanyamaze. Wengi wenye bulimia wana uzito wa kawaida au uliozidi, na ndiyo maana hata anayelala nao chumba kimoja huenda asishtuke.

Daktari wa akili Gerald Russell wa London ndiye aliyeuelezea ugonjwa huu na kuupa jina mwaka 1979. Mwaka 2004, Walter Kaye na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu 672 wenye matatizo ya ulaji, bulimia ikiwemo. Karibu theluthi mbili walikuwa wamewahi kuugua moja ya magonjwa ya wasiwasi, na kwa wengi wao wasiwasi ulianza utotoni, kabla ulaji haujaharibika. Kwa hiyo tunapomsema binti kwamba ameharibiwa na picha za mitandaoni tu, mara nyingi tunakuwa tumechelewa kwa miaka kadhaa.

Mzunguko wenyewe ni mkatili. Mtu ana mtihani, deni au ugomvi nyumbani. Tangu asubuhi amejinyima kula akiogopa kunenepa. Jioni njaa na hofu vinamkuta peke yake. Anakula upesi, bila hata kusikia ladha, na kwa dakika chache kichwa kinatulia. Halafu inaingia aibu na woga wa uzito. Anatapika, au anameza dawa za kuharisha, na anahisi ametua mzigo. Nafuu hiyo fupi ndiyo mtego, kwa kuwa ubongo umeshajifunza kwamba njia ya kutokea ipo. Kesho anajinyima zaidi ili kufidia, na siri inazaa wasiwasi wake: nani amesikia, nani ameona mkate umekwisha?

Mwili nao unalipa. Asidi ya tumboni inakula meno, mashavu yanavimba, madini ya potasiamu yanashuka katika damu hadi mapigo ya moyo yanavurugika. Hapo mtu anaweza kufa.

Lakini ugonjwa huu unatibika. Tiba ya mazungumzo iliyoendelezwa na Christopher Fairburn huko Oxford huanza na jambo linalomtisha mgonjwa kuliko yote: kula kwa saa zinazojulikana, bila kuruka mlo, ili njaa isiendelee kuchochea kufakamia. Kisha hushughulikiwa mawazo na hofu. Dawa ya fluoksetini, inayotumika pia kutibu sonona, iliidhinishwa Marekani kwa bulimia katika miaka ya 1990.

Kwetu, "umenenepa!" ni salamu, tena ya upendo. Kwa mwenye wasiwasi, salamu hiyo inaweza kumharibia siku nzima. Ukiona mwanao anakimbilia chooni kila baada ya kula, usianze na uzito wala usimfokee kwa kupoteza chakula. Muulize ni nini kinamkosesha usingizi, umsikilize mpaka mwisho, kisha mwende pamoja hospitali na umwambie daktari kuhusu kutapika. Akizimia au moyo ukienda ovyo, mpelekeni saa hiyohiyo.